Anime Hii Si ya Mtoto: Nani Kasema?

Filamu ya Demon Slayer iitwayo Mugen Train ilipotoka Japani tarehe 16 Oktoba 2020, Eirin, chombo cha huko kinachopanga filamu kwa umri, kiliipa alama ya PG12: mtoto wa chini ya miaka 12 anaruhusiwa kuingia, ila mzazi ndiye amwongoze. Marekani ikapewa R. Aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Uingereza wakaandika 15, na kwao alama hiyo haina mjadala, aliye chini ya umri huo haingii sinema hata akiwa ameshikwa mkono na baba yake. Filamu ni ile ile. Damu ni ile ile, na vichwa vinavyokatwa ni vile vile. Mtoto wa miaka 9 aliyekaa Tokyo akila bisi kando ya mama yake angerudishwa mlangoni London.

Kwetu mtoto huyo hana mlango wa kurudishwa. Yuko Tabata, yuko Kisauni, na filamu hiyo anaiona kwenye simu ya dada yake au kwenye flashi iliyojazwa muvi dukani mtaani. Kazi iliyofanywa na bodi tatu, zikatoa majibu matatu, imemwangukia mzazi sebuleni, na mara nyingi mzazi mwenyewe hajawahi kukaa akaangalia anime, yaani katuni ya Kijapani, hata moja mwanzo hadi mwisho.

Nimetunga baraza ili hoja zigongane. Sauti ni nne. MAMA ana mvulana wa miaka 9 na binti wa miaka 14. WIFI yake ni mwalimu wa shule ya msingi. KIJANA ni mdogo wake Mama, yuko chuo, na anime amezikulia. MRUSHA MUVI ana duka hapo jirani, ndiye anayejaza flashi za mtaa mzima. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MAMA: Sikuja kusikiliza hotuba, nataka orodha. Hizi zinafaa, hizi hazifai, basi, nizifute zisizofaa nikalale. Juzi usiku nimemkuta mwanangu kajifunika shuka gubigubi, ndani kuna mwanga wa simu. Navuta shuka, naona kijana kwenye katuni anajikata shingo. Anajikata mwenyewe, kwa upanga, damu inaruka.

KIJANA: Hiyo ndiyo Mugen Train yenyewe, dada. Yule ni Tanjiro. Zimwi limewalaza abiria wote wa treni, kila mmoja anaota ndoto tamu, na Tanjiro amegundua kwamba hatoki ndotoni mpaka afe humo humo ndotoni. Ndiyo maana anajikata. Akijikata anaamka.

MAMA: Unanieleza hivyo ukidhani nitatulia?

WIFI: Wala usitulie, wifi. Mtoto wa miaka 9 anajua kwamba ile ni hadithi, hilo silikatai. Darasani kwangu wananisimulia hadithi hizi mwanzo mwisho bila kukosea jina la mtu. Lakini kuna jambo anaondoka nalo hata akijua ni hadithi: kwamba ukibanwa mahali, kufa ni njia ya kutokea. Hilo sitaki limkute akiwa peke yake chini ya shuka.

KIJANA: Nakubali, mwalimu, na waliotengeneza filamu hatari hiyo wameiona. Tanjiro anajikata mara nyingi, analala anaamka, analala anaamka, mpaka anachanganyikiwa. Mwishowe yuko macho kabisa, upanga uko shingoni, anataka kujikata kweli, na anayemdaka ni rafiki yake Inosuke. Tena kabla ya hapo kuna sehemu iliyonitoa machozi mimi mtu mzima. Familia yake karibu yote ilishauawa na zimwi. Ndotoni wako hai, mama yake, wadogo zake, theluji nje, moto ndani. Akishajua kwamba anaota, inambidi awape kisogo aondoke, na mdogo wake analia nyuma yake.

MAMA: Kwa hiyo inafaa.

KIJANA: Kwa mtoto wa miaka 9, usiku, peke yake, haifai. Naipenda sana na nisingempa.

Namshukuru Kijana kwa jibu hilo, maana wapenzi wengi wa anime hawalitoi. Wakiona kazi waipendayo inashambuliwa hukimbilia kusema kwamba ni sanaa, kwamba wazee hawaelewi, na mjadala unafia hapo. Kazi inaweza kuwa nzuri sana na bado isiwe ya huyu mtoto, kwa mwaka huu, kwa namna hii ya kuiangalia. Mugen Train iliingiza takriban yen bilioni 40 Japani na kuipita Spirited Away, iliyokuwa imekaa kileleni mwa mapato ya filamu nchini humo tangu 2001. Fedha kama hizo hazitoki kwa vijana wa chuo peke yao. Familia nzima zilikwenda, na watoto wadogo walivaa mavazi ya mistari na miraba kama ya wahusika. Ila walikwenda pamoja. Alama ya PG12 haikusema kwamba mtoto yuko salama. Ilisema kwamba mzazi ana kazi ya kufanya.

MRUSHA MUVI: Naomba na mimi niseme, maana nikikaa kimya nitaonekana ndiye niliyeleta balaa. Mama wa mtaani anakuja na flashi, ananiambia, kijana wangu niwekee katuni za watoto, zijae. Naweka. Zote ziko kwenye folda moja: Tom and Jerry, Frozen, Naruto, Attack on Titan. Mimi mteja akisema katuni, naona zimechorwa, basi. Huko kwao Wajapani wanajuaje ipi ya mtoto?

KIJANA: Kaka, Attack on Titan majitu yanakula watu. Kipindi cha kwanza tu, mtoto anamwona mama yake akitafunwa.

MRUSHA MUVI: Ndiyo nauliza, mdogo wangu. Wanajuaje?

KIJANA: Kuna dalili mbili wanazozitegemea. Ya kwanza ni gazeti hadithi ilikotoka. Nyingi zinaanza kama vibonzo kwenye magazeti, na kila gazeti lina wasomaji wake: watoto wadogo, wavulana, wasichana, watu wazima. Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, ni la wavulana. Ndiko zilikotoka Dragon Ball, Naruto, One Piece, Death Note na hiyo Demon Slayer. Dalili ya pili ni saa ya kurushwa kwenye televisheni. Demon Slayer ilianza mwaka 2019 saa 5:30 usiku. Sehemu ya mtaa wa madanguro, iliyotoka mwishoni mwa 2021, Fuji TV waliiweka Jumapili saa 5:15 usiku. Attack on Titan ilikuwa ya usiku. Kuna moja inaitwa Madoka Magica, ya 2011, ukiiona ni vibinti vyenye mavazi ya waridi na kinyama cheupe kinachoongea, utadhani ya chekechea. Kipindi cha tatu mmoja wao anang'atwa kichwa. Ile nayo ilirushwa usiku wa manane.

WIFI: Basi saa ndiyo kipimo. Kenya kanuni za utangazaji zinasema kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni muda wa familia, chochote cha watu wazima kisubiri. Ni busara. Kilichorushwa usiku kwao, na kwetu kisiguswe na mtoto.

KIJANA: Ingekuwa hivyo ningekuwa nimeshawapa orodha, mwalimu. Kwanza, usiku mwingine hauna uchafu wowote. Watengenezaji wananunua muda wa usiku kwa sababu ni rahisi, hadithi yenyewe ni ya wanafunzi wanapiga gitaa na kunywa chai. Pili, mchana nao una mambo yake. The Seven Deadly Sins ilianza Oktoba 2014, Jumapili, saa 11 jioni.

MAMA: Hiyo naijua. Ina nguruwe anayeongea. Binti yangu kaimaliza yote.

KIJANA: Ndiyo hiyo. Shujaa ni Meliodas, ana sura na kimo cha mtoto wa kiume, ingawa umri wake ni zaidi ya miaka 3,000. Kipindi cha kwanza anakutana na Elizabeth, binti wa mfalme. Amezimia. Meliodas anamshika kifua akiwa amezimia vile vile, eti ajue kama ni mwanamke. Halafu inaendelea hivyo, msimu baada ya msimu. Anamshika, anamfunua sketi, nguruwe anamkaripia, muziki wa kuchekesha unapigwa, tunaendelea na safari. Elizabeth anaona haya, anatabasamu.

MAMA: Binti yangu ana miaka 14.

KIJANA: Najua, dada.

MAMA: Nilipita pale sebuleni mara ngapi! Nikaona nguruwe, nikacheka, nikarudi jikoni. Kile cha shingo ndicho kilichonitoa mbio.

WIFI: Mimi kwangu hiki ndicho kibaya zaidi. Darasa la sita, mvulana anamvuta binti shati, anamgusa, ukimwita anakwambia, mwalimu nilikuwa namtania. Na wenzake wanacheka. Sisemi anime ndiyo iliyowafundisha. Utani huo ulikuwepo kabla televisheni haijafika nchini. Nasema wanaukuta kwenye kioo umeshawekwa muziki, umeshapewa shujaa, na msichana ameshatabasamu kwa niaba ya wasichana wote.

Hapa nasimama upande wa Wifi bila kusita, na hili ndilo lililonifanya niandike. Bodi za filamu, kokote zilipo, hupima zaidi kinachohesabika: damu kiasi gani, ngozi kiasi gani, matusi mangapi. Ni kazi halali na nawaheshimu wanaoifanya. Lakini kuna swali ambalo hesabu hiyo haijibu, nalo ni hili: mchoraji anamtaka mtoto afurahie nini? Mugen Train inamwonyesha mtoto kifo, na inamtaka akichukie, amlilie aliyekufa. Shujaa wake mkubwa, Rengoku, anakufa akikumbuka mama yake alivyomwambia kwamba aliyezaliwa na nguvu kuliko wenzake ana wajibu wa kuwalinda wanyonge. Ile nyingine inamwonyesha mkono juu ya mwili wa msichana aliyezimia, na inamtaka acheke. Niulizwe ipi nyepesi kati ya hizo mbili kwa mtoto wa miaka 12, nitajibu kwamba ya damu ndiyo nyepesi, na najua wazazi wengi watanishangaa.

Kipimo hiki kinakata pande zote, hata kwa zile tunazoziamini. Naruto, ambayo watoto wetu wameikariri kuliko wimbo wa taifa, katika kipindi cha kwanza ina mbinu ya mtoto huyo kujigeuza mwanamke aliye uchi ili kuwazubaisha wakubwa. Doraemon, paka wa bluu anayependwa na watoto wadogo kabisa tangu 1979, kwa miaka mingi alibeba mzaha wa mvulana Nobita kumfumania msichana Shizuka anaoga. Shizuka ni mtoto wa shule ya msingi. Nani aliwahi kumzuia mtoto asiangalie Doraemon?

KIJANA: Hapo umenibana, na ni kweli. Lakini naomba tusipeleke kipimo hicho kwa kila utani wa mwilini. Crayon Shin-chan ni mtoto wa miaka 5, anashusha suruali anacheza na matako wazi mbele ya wageni. Wazazi wa Japani wamelalamika tangu ilipoanza televisheni mwaka 1992. India waliisimamisha mwaka 2008, ikarudi imepunguzwa. Lakini pale anayeaibika ni mama yake Shin-chan, na mtoto mwenyewe anapewa kibano cha kichwa. Hakuna aliyeonewa.

MAMA: Mimi nisingeitaka hata hiyo. Mwanangu atanifanyia mbele ya mchungaji.

KIJANA: Hiyo ni adabu ya nyumbani kwako, dada, nawe una haki nayo. Ila si sawa na ile ya Elizabeth.

WIFI: Hapo nimekuelewa. Adabu ni jambo moja, kumdhalilisha mtu ni jambo jingine. Tumezoea kuyafunga pamoja tukayaita maadili, halafu kelele zetu zote zinaishia kwenye matako ya mtoto wa miaka 5.

MRUSHA MUVI: Kwani haiwezekani kukata? Mimi kwenye kompyuta nakata dakika mbili tu, naacha hadithi.

KIJANA: Wamarekani walijaribu sana. One Piece ilipopelekwa kwa watoto wao mwaka 2004, Sanji, mpishi anayevuta sigara, akapewa pipi ya kijiti mdomoni. Kwenye Yu-Gi-Oh watu wasife, wakatupwa kwenye ulimwengu wa vivuli. Watoto wakakuta mtu anaadhibiwa milele kwenye giza, ambayo mimi naona inatisha kuliko kufa.

MAMA: Ni kama kumpa mtoto nusu ya dawa ya mtu mzima kwa kukisia.

WIFI: Na Wafaransa walifanya vibaya zaidi. Mwaka 1988 kipindi cha watoto, Club Dorothée, kilianza kurusha Hokuto no Ken, ile ambayo mtu anaguswa na kidole kichwa kinapasuka. Waigizaji wa sauti hawakuipenda, wakajaza mizaha kwenye maneno. Kwa hiyo mtoto anaona kichwa kinapasuka na anasikia kichekesho. Mwaka uliofuata Ségolène Royal, mbunge wakati ule, akatoa kitabu kilicholaumu katuni za Japani. Ingefaa alaumiwe kwanza aliyenunua mzigo bila kuufungua.

MAMA: Basi serikali ipige marufuku. Bodi zipo.

WIFI: Bodi ya Kenya ilifanya hivyo Juni 2017. Ilizuia katuni sita, zote za Marekani, The Legend of Korra ikiwemo, kwa hoja kwamba zinaeneza ushoga. China ilitangaza majina 38 ya anime mwaka 2015, Attack on Titan na Death Note zimo. Nchi ina haki ya kusimamia televisheni yake. Lakini hesabu mwenyewe, wifi: majina sita, au 38, dhidi ya yote yaliyomo kwenye simu moja ya binti yako.

MRUSHA MUVI: Na mteja akija hasemi anataka nini. Anasema zijae.

Kuna jambo moja ambalo katika baraza kama hizi husahaulika, nalo ndilo madhara ya anime kwa watoto yaliyothibitika waziwazi kuliko mengine. Tarehe 16 Desemba 1997, saa 12:30 jioni, watoto wa Japani walikaa kuangalia Pokémon, kipindi cha Porygon. Hakikuwa na damu wala aibu yoyote. Pikachu alirusha radi, makombora yakalipuka, na kioo kikamweka nyekundu na bluu kwa kupokezana, mara 12 hivi kwa sekunde, kwa sekunde chache. Watoto wakapata kizunguzungu, kichefuchefu, wengine degedege. Walipelekwa hospitalini 685. Pokémon ikaondolewa hewani kwa miezi minne, na mwaka 1998 watangazaji wa Japani wakaandika mwongozo: mwanga usimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, na nyekundu iangaliwe kwa makini zaidi. Tangu hapo vipindi vingi vya watoto huko hufunguliwa kwa maandishi yanayomwambia mtoto awashe taa na akae mbali na kioo.

Nayasema haya kwa sababu ya lile shuka. Mama alipolivuta aliona upanga. Giza, na simu iliyo sentimita chache kutoka machoni, hakuviona, wala hakuna kati yetu aliyeviona alipoanza kusimulia. Zikiwa ni dakika mbili tu za kumwokolea mtoto kwa leo, azitumie kumtoa chini ya shuka kwanza.

WIFI: Sasa mimi nina langu la mwisho, na najua mtanipinga. Tumetumia muda wote kusema kipi kifichwe. Kuna kimoja ningetaka kionyeshwe, darasa la saba wote. Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli. Takahata Isao aliitengeneza mwaka 1988. Kobe imepigwa mabomu ya moto mwaka 1945, mama amekufa, kaka wa miaka 14 anahangaika na mdogo wake wa miaka 4, Setsuko, mpaka njaa inamuua yule mtoto.

MAMA: Wifi! Na ile ya zimwi ulisema haifai!

WIFI: Ya zimwi nilisema haifai kuangaliwa peke yake. Hii naiangalia nao mimi, mchana, na tutaizungumza. Mwandishi wa hadithi, Nosaka Akiyuki, alifiwa na mdogo wake kwa njaa mwaka ule ule wa vita, akaiandika mwaka 1967. Na Takahata mwenyewe alikuwa na miaka 9 Okayama ilipopigwa, akakimbia motoni. Miaka 9, kama mwanao. Hakuna aliyemwekea alama ya umri. Na leo wako watoto wanaosema Kiswahili kama sisi, Goma, Bukavu, walioyaona hayo mlangoni kwao. Tunamlinda nani tukificha hili?

KIJANA: Mwalimu, hapa mimi ndiye nitakayevuta breki. Ile filamu ilitoka siku moja na Totoro, tarehe 16 Aprili 1988, tiketi moja, filamu mbili. Wazazi waliwapeleka watoto kumwona Totoro, jinyama la msituni lenye manyoya na tumbo kubwa, na tiketi ile ile ikawakalisha mbele ya mama aliyefungwa bendeji mwili mzima, funza wanatoka. Ninajua watu wazima walioiona mara moja na hawataki tena maishani. Na huyo mtoto wa Goma unayemtaja, akikaa kwenye darasa lako, utamwonyesha tena? Hiyo itakuwa elimu kwa wenzake na kwake itakuwa nini?

WIFI: Kwake nitauliza kwanza. Mzazi wake nitamuuliza. Lakini siwezi kuwanyima 40 kwa sababu sijamuuliza mmoja. Matsue, huko huko Japani, mwishoni mwa 2012 ofisi ya elimu iliziambia shule zikiondoe kwenye rafu za wazi kitabu cha vibonzo cha Hadashi no Gen, cha mtoto aliyenusurika bomu la Hiroshima, eti kinatisha. Mwaka uliofuata habari ikatoka, watu wakapiga kelele, amri ikafutwa. Kinatisha, ndiyo. Mwandishi wake, Nakazawa Keiji, alikuwa na miaka 6 siku ya bomu.

KIJANA: Kitabu mtoto anakifunga mwenyewe akizidiwa, mwalimu. Filamu darasani hawezi kuizima. Atainamisha kichwa asubiri, na wenzake watamwona.

Sijui kama kuna wa kuwaamua hawa wawili, na sitajaribu. Naona kila mmoja ana mtoto halisi anayemfikiria, na watoto hao si mmoja.

MAMA: Basi nisikilizeni, maana watoto ni wangu. Orodha sijapewa na sitaisubiri. Mdogo, simu hailali naye tena kuanzia leo. Atapata Totoro, na hiyo Demon Slayer nitaiangalia mimi kwanza, nikiona anaiweza tutaiangalia sebuleni taa ikiwaka, na pale pa shingo nitasimamisha nimuulize ameelewa nini. Binti nitakaa naye Jumamosi kwa hiyo ya vimulimuli. Na ile ya nguruwe nitarudia naye kipindi cha kwanza, nimuulize yule msichana, alipozinduka, nani alimwambia alichofanyiwa.

WIFI: Ile mimi ningeifuta, wifi. Usimrudishie.

MAMA: Ameshaimaliza yote, wifi. Nikiifuta leo nitakuwa nimefuta nini?

WIFI: Utakuwa umemwambia kwamba nyumba hii haiitaki. Hilo nalo ni neno.

MRUSHA MUVI: Nitavunja ile folda. Mdogo wangu, njoo kesho dukani unisaidie kuzipanga; za wadogo, za wakubwa kidogo, na zile ambazo mzazi lazima aje mwenyewe kuzichukua. Naruto iende wapi?

KIJANA: Za wakubwa kidogo.

WIFI: Na kile kipindi cha kwanza?

KIJANA: Mwalimu, ina vipindi 220 kabla hata ya mwendelezo wake, Shippuden, na karibu vyote ni vya mtoto yatima anayetafuta mtu wa kumsalimia tu.

WIFI: Nimekuuliza kipindi cha kwanza.

MAMA: Iweke na zile za mzazi kuja mwenyewe. Nitakuja.